Hatua ya Tano

Nalipwa kwa masikio yangu,
katika studio moja ya Tollygunge inayovuja,
na Mrinmoyi hulipwa kuwakopesha nyayo
watu wa kwenye pazia, wasio na uzito.
Akivunja figili, mfupa umevunjika.
Akikung'uta glovu, njiwa wameruka.
Ana masanduku saba ya viatu vya wageni,
na mimi, nyuma ya kioo, nimemvaa kichwani
tangu asubuhi mpaka tramu ya mwisho.

Filamu ni ya Digvijoy Babu: fedha zake,
hadithi yake, aliyodai kuiota.
Binti wa shamba la chai, Kurseong, usiku wa ukungu,
anashuka ngazi kumfuata mwalimu wake wa muziki
anayemngoja getini na taa.
Hafiki. Mwalimu ananyongwa.
Miaka inapita, wote wawili wamezaliwa upya,
wanapendana kwenye stesheni ya treni ndogo,
na polepole binti anakumbuka aliyemuua:
ni huyuhuyu aliyemshika mkono.
Tuliicheka, tukinywa chai katika vikombe vya udongo
ambavyo ukimaliza unavipasua chini,
na mfinyanzi ng'ambo ya barabara anafinyanga vingine.

Kwenye picha, binti anashuka vipandio vinne, anaanguka.
Mrinmoyi akapiga hatua tano.
"Umezidisha," nikamwambia kwa spika.
"Nne ni zangu. Ya tano si yangu."
Akaingia stoo, akatoka na ubao uliooza.
"Kipandio cha tatu kililia nilipokikanyaga.
Kikalia tena, nyuma yangu, nikiwa cha nne."
Akasema *nikiwa*. Wala hakujisahihisha.
Akaukanyaga ubao,
nao ukalia kama paka aliyebanwa na mlango.
Vinyweleo vikanisimama.
Mlio ule naujua.
Kurseong sijawahi kufika.

Nilimpenda kwa kisigino kabla ya uso,
sijui kama huko nako ni kupenda.
Kwenye msongamano wa Gariahat, siku za sikukuu,
namtambua kwa hatua, nikiwa nimefumba macho.
Hulala mgongo ukiwa ukutani.
Hajui kwa nini. Tangu mtoto, anasema.

Hatua ya tano hatukuifuta.

Usiku wa onyesho la kwanza, mvua juu ya mabati,
Digvijoy Babu, miaka themanini, kiti cha mbele,
ami wa marehemu fulani, nilikuja kuambiwa baadaye,
na mrithi wa shamba lake.
Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ubao ukalia.
Ya nne.
Ubao ukalia tena
na mzee, kabla picha haijaonyesha lolote,
akasimama gizani,
mkono mbele, kiganja wazi,
kama mtu anayesukuma mlango usiokuwepo.
Watu wakadhani ni moyo. Wakamletea maji.

Polisi gani atafungua jalada kwa mlio wa ubao?

Tulitoka kwa miguu, tramu zimelala.
Mrinmoyi viatu mkononi, maji mpaka kwenye vifundo.
"Basi hakuwa yeye," akasema. "Alikuwa getini kweli.
Walimnyonga bure."
Akageuka. "Na wewe? Ulikuwa nani?
Ni wewe uliyeningoja?"

Ulimi uliniwasha kusema ndiyo.
Lakini getini mlio ule haufiki.
Mimi ninaujua kutoka chini,
kutoka chumba cha bawabu chini ya ngazi,
harufu ya sufi na mafuta ya taa,
hatua nne, na ya tano, nzito, ya kiatu cha bwana,
kisha kishindo, kisha mkufu ukitawanyika sakafuni
ushanga mmoja mmoja.
Nikavuta blanketi.
Asubuhi wakaniuliza, nikasema nililala.
Husemwa kimya kingi kina mshindo;
changu kilikuja baada ya mshindo,
kikanyonga mtu.

"Sijui," nikamwambia.

Akanitazama kitambo, akatangulia.
Nikabaki nyuma, kwenye maji,
nikimhesabia hatua.